Nahisi bweni zima hapa Japani linanichukia, nihame?

Swali:

"Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Dar, nimekuja Japani mwishoni mwa Septemba kwa mwaka mmoja, nakaa bweni la chuo kwenye mji mmoja kaskazini mwa Tokyo. Chumba ni changu peke yangu ila jiko na mashine za kufulia tunashea watu kumi na wawili. Mwezi wa kwanza nilifurahi sana. Sasa ni katikati ya Novemba na nahisi wananichukia. Jirani wa kulia tukikutana koridoni anainamisha kichwa anapita, hasemi kitu. Wiki iliyopita limebandikwa tangazo kwenye lifti, nikalipiga picha nikatafsiri na simu, linasema kuna mtu anapiga kelele usiku na kuna malalamiko ya harufu jikoni. Halina jina lakini Mwafrika humu ni mimi peke yangu. Mfuko wangu wa taka umeachwa mara mbili na stika nyekundu. Dirisha kila asubuhi linatiririka maji na ukuta nyuma ya kitanda umeanza kutoa madoa meusi. Je huu ni ubaguzi? Nihame nikapange nje, au muhula ukiisha nirudi zangu nyumbani? Nimeshaanza kula chumbani na usingizi hamna."

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonishika zaidi siyo tangazo la kwenye lifti, ni ile sentensi yako ya mwisho kwamba unakulia chumbani na usingizi hamna. Nitarudi hapo. Mimi nilikuja Japani 2009 kusoma, nimeishi mabweni mawili tofauti, na sasa hivi kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa kigeni kwenye chuo kimoja huku Kansai, eneo la Osaka na Kyoto, kwa hiyo kila mwaka nakaa na vijana wenye hali kama yako, wa Kenya, wa Vietnam, wa Brazil, wa Ufaransa, na wengi wanakuja Novemba hii hii. Wiki za kwanza kila kitu ni kipya, unapiga picha mpaka mashine ya kuuza soda, alafu baridi inaingia, giza linaanza mapema, na vitu vidogo vidogo ulivyokuwa huvioni vinatokeza vyote kwa mpigo. Wewe umeniandikia jirani, tangazo, taka na ukuta, ukavifunga kwenye furushi moja ukaliita chuki. Nataka tulifungue, maana naona hayo manne kila moja lina sababu yake na yote yanarekebishika, na swali la ubaguzi nitalijibu peke yake bila kukuficha kitu.

Tuanze na jirani. Umesema anainamisha kichwa anapita. Mdogo wangu, hiyo ndo salamu yenyewe! Inaitwa eshaku, mwili unainama kidogo tu, macho yanashuka, mdomo unaweza usifunguke kabisa. Sisi tumelelewa kwamba salamu ni maneno, umeamkaje, za kwenu, za masomo, na mtu akikupita kimya unajua kuna jambo. Kwao kumsimamisha mtu koridoni ambaye ametoka kuoga ana taulo shingoni ni kumsumbua, ule ukimya ni kumwachia nafasi yake. Mtu asiyekutaka hainamishi kichwa, anageukia simu yake, au anasikilizia mlangoni mpaka upite ndo atoke. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwezi na nusu huu yeye ndo anayejiona hajibiwi, anainama kila siku na wewe unapita umeduwaa. Kesho ukikutana naye inama na wewe, sema ohayo gozaimasu kama ni asubuhi au konbanwa kama ni usiku, usisubiri maongezi, endelea na safari yako. Fanya hivyo wiki mbili uone.

Sasa tangazo. Kwenye mabweni ya huku mtu akikerwa na kelele haji kukugongea, anaenda kwa kanrinin, yule msimamizi wa jengo anayekaa kwenye kile kidirisha cha chini, na msimamizi naye hata kama anajua chumba gani hakuiti, anabandika karatasi isiyo na jina ili asiaibike mtu. Kwetu hilo linauma, tunaona kama unasemwa nyuma ya mgongo wako, bora angekuja uso kwa uso tukamaliza. Kwao kuja uso kwa uso ndo kunakuaibisha, karatasi inakupa nafasi ya kujirekebisha kimya kimya na kesho mkutane kama hakuna kilichotokea. Alafu jua kwamba karatasi hizo mara nyingi ni za kudumu, zipo ofisini kwenye faili, kila mwaka baada ya wageni wa vuli kuingia zinatolewa, na malalamiko ya vyumba vitatu tofauti yanawekwa kwenye karatasi moja. Mimi mwenyewe nimeshazibandika. Kwa hiyo kelele na harufu siyo lazima viwe vya mtu mmoja, na kuwa Mwafrika peke yako humo ndani hakukufanyi uwe mlengwa.

Lakini pia yawezekana ni wewe, na hapa naomba tuseme ukweli. Nyumbani unapiga simu saa ngapi?

Japani iko mbele ya Dar kwa masaa sita. Na kuna kitu kizuri ambacho wengi hawakigundui: saa ya ukutani huku inakusomea saa ya Kiswahili ya nyumbani bila hesabu yoyote. Mshale ukiwa kwenye 8 asubuhi, nyumbani ni saa nane usiku. Ukiwa kwenye 2 mchana, nyumbani ni saa mbili asubuhi. Na ukiwa kwenye 11 usiku, nyumbani ni saa kumi na moja jioni, mama ametoka kwenye mihangaiko yake, ameketi, ameshika simu. Unaona inapoangukia? Saa ambayo nyumbani ni ya kupumzika na kupiga soga, huku ni ya watu kulala. Na simu ya nyumbani haijawahi kuwa ya kunong'ona, mtandao unakatakata, huku haloo haloo, kule mtoto analia na bodaboda inapita, mnapandishiana sauti bila kujua. Kuta za kugawa vyumba kwenye mabweni mengi ni mbao za jasi zilizopigiliwa kwenye fremu, katikati pana uwazi, sauti nzito inapita humo vizuri tu. Ukiwa umeweka simu spika juu ya meza na meza imegusa ukuta basi meza nzima na ukuta vinageuka spika, jirani hasikii maneno ila anasikia mvumo, na mvumo ndo unaokera zaidi mtu anayetaka kulala.

Dawa yake siyo kuacha kumpigia mama, tafadhali usiache. Sogeza meza vidole vinne kutoka ukutani, tumia earphone zenye maiki, na simu ndefu zihamishie wikiendi saa nane mchana ya huku ambayo nyumbani ni saa mbili asubuhi, au siku za kazi saa mbili usiku ya huku, kule ni mchana wa chakula. Ikibidi usiku sana shuka kwenye ukumbi wa pamoja kama upo. Alafu pita kwa kanrinin, mwambie maneno haya tu: sumimasen, yoru no denwa, ki o tsukemasu. Yaani samahani, simu za usiku, nitakuwa mwangalifu. Hata kama haikuwa wewe, hujapoteza kitu. Kanrinin akishakuona kama mtu anayejali, siku ukiwa na shida yako mwenyewe atapanda ngazi kuja kukusaidia, nimeliona hilo mara nyingi sana. Usizunguke milangoni kuuliza nani kanisema, hilo litawatisha na litaharibu yote.

Jikoni. Sikuambii uache kupika, chakula cha kwenu ndo kitakachokubeba mpaka Machi. Mara nyingi harufu inayolalamikiwa siyo ya kiungo fulani, ni ya mafuta yaliyopanda hewani bila feni. Feni ya juu ya jiko iwashe kabla hujaweka sufuria, na iache izunguke dakika kumi baada ya kumaliza. Samaki na dagaa, maji yake ya kuoshea yakiingia kwenye sinki pale chini pana kikapu kinachonasa mabaki, kikilala na utumbo wa samaki asubuhi watu kumi na wawili wataujua. Duka lolote la yen 100 linauza vyandarua vidogo vya kuvalisha kile kikapu, ukimaliza unatoa kile chandarua, unakifunga kwenye mfuko, unaondoka nacho. Na sufuria ya ugali! Najua kwetu inalowekwa ukoko uachie, inalala hivyo hadi asubuhi wala hakuna anayeshangaa. Kwenye jiko la watu kumi na wawili sufuria yenye maji meupe ndani ya sinki ni kama umeegesha gari katikati ya njia. Loweka kwenye beseni lako chumbani. Kama jiko lenu ni la IH, yale ya kioo cheusi bapa, sufuria za aluminiamu kutoka nyumbani hazishiki moto kwenye mengi ya hayo majiko kwa sababu linafanya kazi kwa sumaku, beba kisumaku cha friji uende nacho dukani, kikinata kwenye kitako cha sufuria nunua.

Taka nitapita haraka. Ile stika nyekundu haijabandikwa na jirani, inabandikwa na wale wa gari la taka, na imeandikwa sababu: siku siyo yake, au umechanganya, au mfuko siyo ule wa manispaa. Kila mji una utaratibu wake, wengine wanataka mfuko maalumu unaouzwa supamaketi, wengine mfuko wowote unaoonyesha ndani. Sehemu kubwa ya taka za nchi hii inachomwa kwenye matanuru, ndo maana kinachoungua kinatenganishwa na chupa, makopo na plastiki. Chupa ya maji unatoa kifuniko, unabandua lebo, unaisuuza. Toa taka asubuhi ya siku yake na siyo usiku, kunguru wa Japani ni wakubwa na wanajua kupasua mfuko kuliko paka wa mtaani. Manispaa nyingi zina kalenda ya taka ya Kiingereza, iombe pale pale ulipokwenda kuandikisha anwani, ibandike nyuma ya mlango.

Nikae sasa kwenye ukuta, maana hapa ndo wanafunzi wa kwetu wanaumia na hakuna anayewaambia mapema. Dar unyevu tunaujua, tunafungua dirisha, upepo unapita, basi. Huku baridi ikianza unafanya kinyume chake: unafunga kila kitu, unawasha kiyoyozi cha joto, unachemsha maji, unaanika nguo ndani, unalala, na wewe mwenyewe ukiwa umelala unatoa maji kwa pumzi na jasho usiku kucha. Hewa ya joto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Ikigusa kitu cha baridi inashindwa kuyabeba, inayaacha pale pale. Chumba kikiwa nyuzi 20 na unyevu asilimia 60, kitu chochote chenye nyuzi chini ya 12 kinaanza kulowa. Kioo cha dirisha ambacho nje yake ni nyuzi mbili tatu kinashuka chini ya hapo kirahisi, hasa cha tabaka moja na fremu ya aluminiamu. Ndo hayo maji yako ya asubuhi, Wajapani wanayaita ketsuro na kila nyumba inayajua, kwa hiyo usione aibu kuyataja. Na nyuma ya kitanda ni hivyo hivyo, ukuta wa nje ni wa baridi, kitanda kimeuziba, hewa haipiti, unyevu unakaa, kuvu linaota. Hujafanya uchafu wowote mdogo wangu, ni fizikia tu.

Mimi bweni langu la kwanza nilikuwa na koti la sufu, la mtumba, nililolinunua kwa hela ya kubana matumizi mwezi mzima. Nililitundika kwenye kabati la ukutani siku za Desemba ambazo baridi ilikuwa haijakaza, nikaanika nguo chumbani wiki nzima kwa sababu mashine ya kukaushia ilikuwa ya kulipia. Januari theluji inaanguka nafungua kabati, mabega ya koti yamegeuka kijani, nikilishika linatoa vumbi lenye harufu ya gunia lililolowa. Nilikaa sakafuni nikalia. Sikumwambia mtu, nikasogeza godoro kufunika doa la ukutani, na siku ya kuhama nikakatwa gharama ya kubadilisha karatasi ya ukuta kwa sababu sikuripoti mapema. Ndo maana nakuambia wewe uripoti sasa hivi, wiki hii, ukiwa na picha yenye tarehe. Ukisema Novemba ni tatizo la jengo, wakiligundua siku ya kuhama linakuwa lako.

Mwenyewe fanya haya. Vuta kitanda kutoka ukutani kama upana wa kiganja, na kama unalala kwenye futon, lile godoro la Kijapani la kutandika sakafuni, ikunje kila asubuhi, usiiache ilale pale maana chini yake patalowa. Ile feni ndogo ya bafuni au ile swichi yenye maandishi ya 24 usiizime kamwe, majengo ya baada ya 2003 sheria inayataka yawe na feni ya kubadilisha hewa masaa yote, wengi wetu tunaizima tukidhani tunaokoa umeme au tunazuia baridi. Fungua dirisha na mlango dakika tano asubuhi na dakika tano jioni, chumba kitapoa kidogo kitarudi haraka. Futa kioo kabla hujatoka. Madoa yakiwa bado madogo futa kwa spiriti ya ethanoli inayouzwa duka la dawa, vaa glavu na barakoa. Ile dawa kali ya klorini ya bafuni itatoa rangi kwenye karatasi ya ukuta, na kwenye chupa yake utaona maandishi makubwa yanayoonya usichanganye. Heshimu onyo hilo, ikikutana na dawa ya asidi ya kusafishia choo inatoa gesi ya sumu, na watu wameshakufa kwa hiyo.

Sasa nirudi kwenye upweke, ambao naona ndo uko chini ya yote haya. Kuna jambo la kalenda ambalo hukuambiwa. Mwaka wa masomo Japani unaanza Aprili. Aprili ndo vikundi vya michezo na muziki vinapokaribisha wageni, ndo watu wanapopata marafiki wa kula nao, ndo bweni linapofanya sherehe. Wewe umeingia mwishoni mwa Septemba, daladala ilishajaa na kila mtu ana siti yake. Hawajakuzibia mlango, ila hakuna atakayekumbuka kuufungua mpaka ubishe. Na kubisha huku kuna utaratibu wake, mtu akihamia anawapelekea majirani kitu kidogo, cha yen 500 hivi, anasema jina lake na yoroshiku onegaishimasu, yaani naomba tuishi vizuri. Hukufanya kwa sababu hukujua, na hujachelewa. Nenda supamaketi, kwenye kahawa tafuta pakiti zile za kumimina maji moja moja, tafuta iliyoandikwa Kilimanjaro. Japani kahawa ya arabika ya Tanzania inauzwa kwa jina hilo na kila mtu analijua. Wape wa kulia, wa kushoto na anayetazamana na mlango wako, waambie hii ni ya kwetu. Nimewaambia vijana wengi wafanye hivi na kila aliyerudi kunisimulia alirudi na jina la mtu mmoja angalau.

Pia uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama una chuta, yule mwanafunzi mwenyeji anayepangiwa kukusaidia, wengi wanapangiwa na hawamtumii. Na kama chuo chako kina mtu yeyote anayesoma mambo ya Afrika mtafute, huku Osaka kwa mfano kuna chuo kikuu ambacho mtu anasomea Kiswahili kama fani kamili, nimeshakutana na vijana wa Kijapani wanaosema shikamoo vizuri kuliko watoto wa Masaki. Watafurahi kukuona kuliko unavyodhani.

Ubaguzi. Upo, sitakuambia haupo. Wizara ya Sheria ya Japani ilifanya utafiti kwa wageni, matokeo yakatoka 2017, na kati ya waliokuwa wametafuta nyumba, karibu wanne katika kila kumi walisema wameshakataliwa kwa sababu ni wageni. Nimeshuhudia mwenyewe mtu akihama siti kwenye treni. Lakini hayo uliyoniandikia hayafanani na hayo. Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: je kanuni hiyo hiyo inamgusa na Mjapani? Tangazo, stika ya taka, ukimya wa koridoni, vyote vinawagusa hata wao. Ikiwa siku moja utaona wewe peke yako unazuiwa kutumia kitu, au mtu anatukana rangi yako, au vitu vyako vinaharibiwa, hapo usisubiri, andika tarehe na saa, tunza picha, peleka ofisi ya wanafunzi wa kigeni na pia kwenye ofisi ya kushughulikia unyanyasaji, vyuo vingi vina dawati hilo na linafanya kazi kwa siri. Na hisia zako za sasa siyo ujinga hata kidogo, kuwa mtu mmoja wa aina yako kwenye jengo zima kunachosha hata kama kila mtu ni mwema.

Kuhama ukapange nje, kwa mtu wa mwaka mmoja siioni. Kwenye apatimenti ya kawaida unaingia na amana, na hela ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi, na ya dalali, na ya kampuni ya udhamini, ukijumlisha na kodi ya mwezi wa kwanza inafika kwa urahisi kodi ya miezi minne au mitano kabla hujalala usiku mmoja. Mkataba kawaida ni wa miaka miwili na ukivunja mapema unaweza kutozwa faini. Ndani hakuna kitu, mara nyingine hata taa hakuna. Na kama unaishi kwa ule msaada wa JASSO, shirika la Japani la kuhudumia wanafunzi, wa yen 80,000 kwa mwezi hesabu hiyo haitoki. Kubwa zaidi, upweke utahama na wewe, ila huko hutakuwa na kanrinin wala jiko la watu. Nyumba za kushea ni nafuu kidogo, hazina masharti mengi hivyo, ila kuna nzuri na kuna za hovyo, usilipe bila kuiona kwa macho. Ukihama popote una siku 14 kuandikisha anwani mpya manispaa. Ninachokipenda mimi ni cha katikati, omba kubadilishiwa chumba ndani ya bweni hilo hilo, kwa sababu ya kuvu, kisichokuwa na ukuta wa nje upande wa kitanda. Ni ombi lenye sababu inayoonekana na mara nyingi wanalikubali muhula ukiisha.

Kurudi nyumbani nako ni haki yako, sitakuita mwoga. Ila usikate shauri hilo Novemba wala Desemba. Mwezi ujao jua la Tokyo litakuwa linazama saa kumi na nusu jioni, Dar muda huo umezoea mchana kabisa, na mwili unaokosa mwanga unaona kila kitu kibaya zaidi ya kilivyo. Toka nje kila asubuhi nusu saa hata kama ni baridi, kaa upande wenye jua. Kula angalau mlo mmoja kwa siku mahali penye watu, kantini ya chuo inatosha, hata kama huongei.

Na hapa ndo narudi kwenye sentensi yako ya mwisho. Usingizi ukiwa hamna kwa zaidi ya wiki mbili, au chakula hakipiti, au umeanza kukosa darasani, au unalia bila kujua sababu, nenda kituo cha afya cha chuo uonane na mshauri, vyuo vingi hawatozi kitu na hawapeleki habari kwa mwalimu wako wala kwa waliokudhamini. Lugha ikiwa shida ipo TELL, laini ya ushauri kwa Kiingereza iliyoanza Tokyo 1973. Hospitali ya nje ukiwa umejiandikisha bima ya afya ya taifa unalipa asilimia 30 tu ya gharama, usijinyime ukiogopa bili. Ukikohoa wiki nzima au kifua kinabana ukiwa chumbani na kinaachia ukiwa nje, mwambie daktari kuhusu lile kuvu. Na fikra za kujidhuru zikikujia hata mara moja, usimalize nazo usiku peke yako, gonga kwa yeyote, au piga 119 ambayo ni ya gari la wagonjwa, haitozi.

Leo kabla hujalala vuta kitanda upige picha ukuta. Kesho asubuhi pita kidirishani kwa kanrinin na ile picha pamoja na yale maneno ya simu za usiku, mambo yote mawili kwa safari moja. Jumamosi kahawa. Alafu niandikie mwisho wa mwezi unieleze jirani wa kulia anaitwa nani.